Mshale Uliolala Kushoto

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu wa sauti, na wewe mke wangu uliyenilazimisha kuvaa tai hii inayoninyonga: nawasalimu nyote.

Nimesifiwa mpaka nikageuka nyuma kutazama anayesemwa ni nani. Mmesema nimetumikia redio hii miaka thelathini na moja, na kwamba studio mpya, yenye spika sita kuzunguka chumba na kioo kinachochora kila sauti inatokea upande gani, itaitwa kwa jina langu la utani, Masikio. Je, mnajua jina hilo limewagharimu watu nini?

Kati ya mita zetu, mbili zinaonyesha ukubwa wa sauti, kushoto na kulia. Ya tatu, yenye mshale, inaonyesha kama pande hizo mbili zinakubaliana. Mshale ukilala kushoto, zinapingana: mmoja unasukuma, mwingine unavuta, na redio ndogo ya spika moja ikizichanganya, sauti inajifuta yenyewe. Studioni, penye spika mbili, unaisikia bila shida. Mita hiyo niliidharau, nikiwatania wenzangu kwamba mimi sisikii kwa macho.

Miaka tisa iliyopita tulipewa tangazo la kurudia asubuhi nzima: bwawa litafunguliwa saa nane mchana, walio bondeni wahame. Kebo ya mtangazaji nilikuwa nimeiunga mwenyewe siku ile, harakaharaka, nikageuza nyaya za upande mmoja. Dada niliyekuwa naye zamu, msaidizi wangu, akaniambia, "Kaka, mshale umelala kushoto. Tusimame kidogo tuangalie."

Nikamjibu, "Masikio yangu yanatosha. Wewe kaa."

Akakaa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake.

Muziki wa chinichini ulipita kwenye waya mwingine, ukafika majumbani salama. Maneno hayakufika. Walikufa watu kumi na wanne, na mmoja wao ni mke wa mlinzi wetu wa getini. Majirani waliopona walisema redio yake ilikuwa inalia tangu asubuhi. Hakuwa na stesheni nyingine, maana hii ndiyo ya mumewe.

Kamati ya uchunguzi iliponiuliza, nilisema kebo iliungwa na msaidizi wangu, nikatia saini. Dada yule alifukuzwa kazi, na sasa anashona sare za shule kwenye kibaraza cha shemeji yake. Leo nimemwalika. Amekaa mstari wa mwisho, karibu na mlango, na hakujua nimemwitia nini.

Mheshimiwa, barua yangu ya kukiri imo kwenye ile bahasha iliyo mbele yako. Naomba msiliandike jina langu kwenye ukuta wowote. Dada, sikuombi unisamehe hapa, maana mbele ya umati huu utaona haya kukataa.

Na yule mlinzi? Miaka tisa ananifungulia geti, na kila asubuhi ananiuliza hali ya watoto wangu. Yuko zamu hivi sasa, hajasikia hata neno moja la haya. Nikishuka hapa naenda kumwambia, na sijui nitaanzaje.

Nawashukuru kwa kunivumilia.