Dk. Gaudensia Mugeta na Neno Alilolikataza

Ndugu waombolezaji, mimi ni Nathanieli Mugeta, mdogo wake marehemu na mtoto wa mwisho wa nyumba yetu. Ninauza nyavu Musoma mjini, na kusoma mbele ya watu si kazi yangu. Mama ameniagiza nisome haya yote bila kuruka, hata pale nitakapotamani kuruka.

Dk. Gaudensia alizaliwa Suguti, Musoma Vijijini, tarehe 14 Machi 1970, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mugeta na Mama Wegesa. Wa pili alikuwa Alfonce. Gaudensia akiwa na miaka tisa, jirani alimwaga machicha ya pombe nyuma ya nyumba, kuku wetu wakala mpaka wakaanguka. Mama akadhani ni kideri, ule ugonjwa wa kuku, akawahi kuchinja wawili wanene. Gaudensia akasimama mbele ya kisu: "Mama, hawaumwi hawa, wamelewa tu!" Jioni kuku wakaamka wanayumba. Kesho yake akawakuta pale pale, wanapekua ardhi isiyo na kitu kuyatafuta machicha yale, akakaa kuwatazama mpaka uji wake ukapoa. Kazi yake ya maisha ilianzia kwa kuku hao.

Alisoma shule ya msingi Suguti na sekondari Musoma mjini. Mwaka 1996 alihitimu shahada ya famasia Dar es Salaam, akarudi Musoma kufungua duka la dawa. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Mwalimu Lameck Keraryo wa hapa Buswahili. Shemeji hupenda kusimulia kwamba siku ya kwanza kukutana aliulizwa kama anakunywa pombe. Alipojibu "kidogo", dada akauliza, "Kidogo ndo kiasi gani?" Anasema hajapata jibu la kumridhisha hadi leo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gloria na Baltazari.

Sasa nafika kwa Alfonce. Kaka alikuwa fundi wa injini za boti Mwanza, na huko ndiko alikoanza kutumia unga, yaani heroini. Februari 2003 tulimrudisha Suguti. Baba aliweka komeo kwa nje kwenye mlango wa chumba cha uani, na mama ndiye aliyekuwa akilifungua na kulifunga. Alfonce alilia mle ndani, alitapika, alimtukana kila mmoja wetu, kisha akatulia. Akaanza kula, akanenepa, akacheka. Mwezi wa tano mwishoni Gaudensia alikuja kumwangalia, akatoka nje akatangaza: "Amepona." Jumapili ya tarehe 1 Juni tulitoa shukrani kanisani na kuchinja mbuzi. Siku iliyofuata mama alimruhusu aende Mwanza kuchukua spana zake. Alhamisi tulipigiwa simu twende kuchukua mwili.

Siku ya kumzika, kwenye karatasi kama hii, tulisoma kwamba alikufa kwa homa ya ghafla. Najua hapa wengine mtatazamana. Tazamaneni, lakini mnisikilize.

Baada ya msiba Gaudensia alifunga duka, akarudi shule. Alisomea famakolojia ya uraibu, yaani jinsi dawa za kulevya zinavyoushika mwili na akili, akapata shahada ya uzamivu mwaka 2011 huko Afrika Kusini. Wenzake walimshauri abaki nje. Alirudi, akaanza kufundisha wanasayansi chipukizi, wale ambao vyeti vyao bado vinanukia wino. Kila Septemba walikuja kutoka mikoa mbalimbali wakakaa darasani Buhare, Musoma, wiki nzima. Alikuwa mkali. Aliyemwita mgonjwa "teja" alitolewa nje. Na neno "amepona" lilikuwa marufuku. Ulitakiwa kusema "anaendelea".

Mtihani wake wa mwisho haukuwa wa karatasi. Kila mmoja alitakiwa amweleze mama wa mgonjwa, bila neno hata moja la kitaalamu, mambo ya kuogopa siku ambayo mwanawe anaruhusiwa kurudi nyumbani. Huyo mama nilikuwa mimi. Nilivikwa kanga, nikakalishwa kwenye kiti, na nikiri kwamba nilikuwa mama mbishi, niliwafelisha wengi. Dada alicheka mpaka akashika mbavu.

Siku ya mwisho aliwapeleka Suguti, kwenye chumba kile. Mlango ulikuwepo na komeo lilikuwepo, maana mama alikataa lisiguswe. Humo ndani aliwafundisha kwa Kiingereza jinsi mdogo wake alivyokufa, na mama akiwa nje anawachemshia chai. Alitukataza sote kumwambia mama kilichosemwa mle, na dada akikukataza umekatazwa. Upepo wa ziwa ukivuma, komeo lile lilikuwa linagonga. Mama alikuwa akisimama na birika mkononi anaitika, "Nakuja." Gaudensia hakuwahi kulala Suguti tangu mwaka 2003, hata siku moja.

Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliuguzwa Bunda, nyumbani kwa binti yake Gloria. Wageni walipomwambia atapona, alikuwa akiwatazama tu. Maumivu yalipozidi, Dk. Recho, mmoja wa wanafunzi wake, alimletea mofini ya kunywa. Wakati huo alikuwa ameanza kutuuliza nani anatikisa komeo. Nyumba ya Gloria haina komeo la namna ile.

Julai mama alifika Bunda, akaiona chupa.

"Dokta, hii dawa na ule unga wa Alfonce ni vya ukoo mmoja?"

Recho hakumdanganya. "Ni vya ukoo mmoja, bibi. Ila hii tunampimia, ni ya maumivu."

Mama akaichukua, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Wa pili hamniulii," akasema.

Tulimbembeleza wote, hakusikia. Dada alilia kwa maumivu mpaka asubuhi ya pili, sauti niliyodhani niliiacha nyuma ya mlango wa Suguti. Ndipo akaomba tumwinue, akazungumza na mama kwa lugha ya nyumbani.

"Mama, unafikiri Alfonce aliuawa na nini?"

"Na mimi. Nilimfungulia. Nilikuwaga nasema, ningefunga hata mwezi mmoja tena, mwanangu angekuwepo."

"Sio mlango, mama. Mle ndani mwili wake ulishausahau unga. Alipofika Mwanza akatumia kiasi kile kile cha zamani, mwili haukukiweza. Alitakiwa aambiwe kabla hajaondoka. Mimi ndo nilikuwa mtu wa dawa, na mimi ndo nilisema amepona."

Mama akalishika pindo lenye chupa.

"Ulikuwa unalijua hilo siku ile?"

"Sikulijua. Nililijua nilipoenda kusoma."

"Na hawa watoto wanaokunywaga chai yangu kila mwaka, wanalijua?"

"Wote, mama."

"Miaka yote hiyo mimi nachemsha chai tu," mama akasema.

Hakumkumbatia. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini alifungua pindo la kanga, akamwita Recho amwonyeshe kipimo, akamimina kwa mkono wake mwenyewe. "Kunywa, mwanangu." Tangu hapo hakuruhusu mtu mwingine ampe dawa. Siku kadhaa alimpa bila kusema naye, kisha wakaanza kuzungumza habari za Alfonce alipokuwa mdogo, na mara moja niliwakuta wanacheka. Dada hakuuliza tena habari ya komeo.

Dk. Gaudensia alifariki Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Siku iliyofuata mama alinituma Suguti na nyundo. Komeo nimelitoa.

Marehemu ametanguliwa na baba yake, Mzee Mugeta. Ametanguliwa pia na mdogo wake, Alfonce Mugeta, fundi wa injini, aliyefariki Mwanza tarehe 5 Juni 2003 kwa heroini, na si kwa homa. Maneno hayo ni ya mama, ameniagiza yaandikwe hivyo.

Ameacha mume, Mwalimu Lameck. Watoto, Gloria na Baltazari. Mjukuu mmoja, Dorkas. Mama yake mzazi, Wegesa. Mimi mdogo wake. Na wanafunzi wake, ambao leo wamekaa upande wa mama kwa sababu yeye mwenyewe amewaita wakae pale.

Najua mtu atataka kusema kwamba sasa dada amepona. Tafadhali msiseme, alilikataza. Semeni amepumzika. Mungu ampe amani, na Alfonce naye aipate.