Breki za Tam Geddes

Nisogezee mto, Elspeth, halafu kaeni wote wawili, na wewe Ranald acha kuchungulia saa, maana leo sina pumzi ya kusema jambo mara mbili.

Nyumba na karakana ni zenu nusu kwa nusu, karatasi anazo wakili. Ninalotaka mlisikie ni la Tam Geddes, yule mliyelelewa mkiambiwa kwamba alimuua mjomba wenu Wattie.

Mwaka ule nilikuwa mkuu wa njia katika majaribio ya magari, maili elfu moja za milima ya Uskoti kwa siku sita. Mimi ndiye niliyechora njia, na mimi ndiye niliyetunga sheria kwamba breki zifungwe waya na kupigwa muhuri wa madini ya risasi, ili ijulikane ni gari gani linastahimili bila kuguswa na spana. Atakayekata muhuri, ametoka mashindanoni. Katika kila gari alipanda mwangalizi wa kuandika kila kitu daftarini, na kwa Tam alipanda Wattie.

Siku ya nne, tukila mkate na nyama baridi juu ya mteremko wa Drumfearn, Tam akanijia kofia mkononi, akasema kwa sauti ya chini. "Bwana Murdo, breki zimelegea. Niache nizikaze, dakika mbili tu." Nikamcheka mbele za watu. "Unaogopa kilima, Tam? Basi kanunue punda!" Akanywea, akapanda gari. Kona ya tatu breki hazikushika, wakaporomoka bondeni. Tam alivunjika mguu, Wattie hakuamka.

Sasa sikilizeni vizuri, wanangu. Nilipopima njia ile majira ya kuchipua, kabla ya majaribio, mimi mwenyewe nilisimama palepale nikakaza breki zangu, tena mara mbili, wala sikuandika popote, kwa sababu niliona aibu. Na mbele ya hakimu nikala kiapo kwamba Tam hakuniomba kitu. Hakupewa gari tena maishani. Mama yenu alikuwa akitema mate akimwona, akafa hajamsamehe mtu asiye na kosa. Ranald, ulimvunjia dirisha kwa mawe, nikakuona, nikanyamaza. Mwoga mimi.

Daftari la Wattie nililitoa kwenye koti lake kabla hawajamfunika. Liko chini ya ramani zangu. "Saa saba na robo, dereva ameomba kukaza breki, mkuu wa njia amekataa." Mwandiko wake, penseli yake. Elspeth, lisome Jumapili mlangoni pa kanisa, Tam akiwepo, kwa sauti. Najua, Ranald, karakana ina jina langu. Lifute... usinikatize, lifute.

Maji... Ahsante. Siku ya kunishusha kaburini, kamba ya kichwani pa jeneza, ile anayoshika mwana wa kiume, ni haki yako, Ranald, lakini mpe Tam. Akikataa, hana kosa. Iacheni ilale pale majanini, asiishike mtu, na wenye kamba nyingine wanishushe hivyohivyo, hata nikienda upande. Mungu awape... awape ujasiri ambao mimi... Elspeth, lile daftari. Nenda kalichukue. Nataka nilione mkononi mwako.