Kwaheri kwa Mtu Aliyepanda Treni ya Osaka

Tarehe 31 Desemba 1956, Bwana Gamaliel Kashaija, Mkuu wa Kituo cha Bukoba katika Kampuni yetu ya Mabasi ya Nyota ya Ziwa, anavua kofia ya kazi baada ya miaka ishirini ya utumishi. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, Lukmani wa dirisha la tiketi, kazi ya kuandika wasifu wake. Sababu ya kwanza ni kwamba meza yangu imepakana na yake tangu kabla ya vita. Sababu ya pili ni kwamba wengine wote walioombwa walikumbuka ghafla kuwa wana wagonjwa nyumbani.

Bwana Gamaliel ni mzaliwa wa Buhembe. Alisoma shule ya misheni, akavuka ziwa kwenda Mwanza kutafuta kazi, akapata upishi kwa tajiri mmoja wa Kijapani aliyekuwa akinunua pamba. Mwaka 1934 tajiri yule alikwenda kwao Osaka kusalimia na akamchukua mpishi wake. Bwana Gamaliel alikaa Osaka mwezi mmoja. Katika mwezi huo, siku moja tu, alipanda treni inayopita chini ya ardhi, kutoka kituo kiitwacho Umeda hadi kingine kiitwacho Shinsaibashi, kisha akarudi. Njia hiyo ni fupi kuliko kutoka gatini kwetu hadi Buhembe. Babu yangu alikwenda Makka kwa jahazi na kwa miguu, akaisimulia safari yake mara chache kuliko Bwana Gamaliel alivyoisimulia yake kwa wiki moja.

Tuseme haki: alijua kusimulia. Tulishuka naye ngazi zile mpaka magoti yakatuuma. Tuliona dari iliyopinda juu kama ya kanisa, taa zinazowaka mchana kweupe, na jukwaa refu ajabu ambapo abiria husimama kulisubiri behewa, na treni inapofika ina behewa moja tu, kwa sababu Wajapani walijenga kituo kwa ajili ya wajukuu wao. Alituambia pia kuwa mabehewa yenyewe yalikokotwa barabarani na ng'ombe kabla ya kushushwa shimoni. Hapo ndipo wazee wa Bukoba walipokataa. Umeme chini ya ardhi waliukubali bila shida, lakini ng'ombe wa kukokota treni waliona ni dharau kwa ng'ombe.

Kampuni ilimwajiri mwaka 1936 kwa sababu ya treni hiyo hiyo. Bwana mkubwa wa wakati ule aliuliza nani kati ya waombaji ana ujuzi wa usafiri, na Bwana Gamaliel akamweleza habari za Osaka hadi chai ikapoa. Tulikuwa na mabasi mawili ya bodi za mbao na barabara moja ya matope hadi Muleba. Tukapata Mkuu wa Kituo mwenye filimbi, glavu nyeupe alizoshonewa na fundi wa sokoni, na mstari wa chokaa uliochorwa ardhini, ambao abiria hawakuruhusiwa kuuvuka kabla mlango haujafunguliwa. Mvua ya Bukoba iliufuta mstari huo kila siku, naye aliuchora upya kila siku, na chokaa ilikatwa kwenye bajeti ya matairi.

Kanuni yake kubwa ilikuwa kwamba gari halimsubiri mtu. Ni kanuni nzuri. Lakini wale walioizoea Osaka hawajui jinsi watu wanavyosafiri kwetu. Mhaya mwenye adabu hapandi basi kabla ya kusalimia waliomsindikiza, na waliomsindikiza wengine, na mzee yeyote atakayetokea wakati salamu zinaendelea. Hutanguliza mizigo, kisha ndipo hupiga goti kusalimia. Asubuhi moja ya mwaka 1939 filimbi ililia saa moja kamili wakati abiria wote wako chini wanasalimiana. Dereva Burhani, ambaye ni mtu wa kutii, aliondoa gari. Mikungu ya ndizi, kuku na jogoo mmoja wa posa vilifika Muleba kwa wakati, vimekaa kwa utulivu, bila binadamu hata mmoja. Ripoti ya mwezi ule iliandika kwamba huduma yetu imefikia kiwango cha kuridhisha.

Katika mafanikio yake yapo pia yale ya mwaka 1949. Bwana Gamaliel aliishawishi kampuni ichimbe njia ya chini kutoka ofisini hadi ng'ambo ya barabara, ili abiria wasiloe mvua wakienda kwenye basi. Vibarua walichimba majuma matano. Alisimama ukingoni na glavu zake akielekeza upande wa kwenda na upande wa kurudi. Majani ya migomba yalifunika udongo, ngazi za mbao ziliwekwa, na siku ya ufunguzi mchungaji wa Kilutheri na shehe wetu waliombwa wote wawili waibariki, kila mmoja akamsihi mwenzake atangulie kushuka. Mwezi uliofuata masika yalianza na njia ikajaa maji hadi ngazi ya tatu. Haijawahi kukauka. Hadi leo ndiko matingo wanakochota maji ya rejeta, na hakuna kituo kingine kati ya hapa na Muleba kilicho na maji karibu kama chetu. Huo ni mchango wa kweli na tunaushukuru.

Sasa inanibidi nieleze namna watu walivyoipokea habari ya treni yenyewe, kwa sababu hapo ndipo kicheko changu kinapopungua.

Kwa wazee wa huku, chini ya ardhi kuna wenyewe. Ukiwaambia ulishuka huko ukakuta taa zinawaka, watu wamevaa vizuri, hawasemezani, wanatazama mbele, kisha wanaondoka wote pamoja bila kuagana, mzee wa Izimbya hakuulizi nauli. Anakuuliza kama ulimwona marehemu baba yake. Ndivyo ilivyokuwa. Watu walianza kuja kituoni na salamu. Mmoja alitaka marehemu dada yake aambiwe kuwa mgogoro wa mpaka wa kibanja cha migomba umekwisha. Mwingine alitaka kujua kama kule wanakula ebitoke, ndizi zetu za kupika, au wali mtupu. Walikuja na buni za kutafuna, ile akamwani ambayo Mhaya humkaribishia mgeni wa heshima, wengine na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Bwana Gamaliel alizipokea zote. Hakusema ndiyo wala hakusema hapana. Alitabasamu kama mtu aliyezuiwa na serikali kusema zaidi. Tulicheka sana nyuma ya dirisha, na rubisi tulikunywa pamoja naye.

Kisha, mwaka 1946, alikuja Mama Kokuberwa wa Kishanda.

Huyu hakuuliza habari za marehemu. Mwanawe Datius aliandikishwa jeshini wakati wa vita, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Wenzake walirudi. Serikali ilisema tu kwamba hakuonekana tena baada ya mapigano ya mto mmoja. Mama alikuwa amesikia kuwa Bukoba kuna mtu aliyefika kwa Wajapani akapita chini ya nchi yao. Akapiga magoti mbele ya meza yake, kituo kimejaa watu.

"Kasinge waitu," alisema, akitanguliza heshima kwa Kihaya. "Mwanangu Datius walimchukua hao hao. Wewe unayewajua, hukusikia habari yake?"

Mtu mwingine angesema hajui. Bwana Gamaliel ana sifa nyingi, lakini hiyo hana. Watu walikuwa wanamtazama, naye akavuta glavu zake.

"Datius yupo, mama," alimjibu. "Rafiki zangu wa Osaka wameniandikia. Ni gadi wa treni ile ya chini. Kazi yake haimpi nafasi ya kupanda juu, ndiyo maana haandiki."

Mama Kokuberwa alipiga vigelegele hadi farasi wa polisi akashtuka. Wala hakumuuliza lini, wala vipi. Bwana Gamaliel aliondoka Osaka miaka mitano kabla ya vita kuanza, tajiri wake hakumwandikia hata kadi, na kituoni hapa barua hupita mikononi mwangu. Hakuna rafiki aliyemwandikia.

Tangu siku hiyo mama huyu amekuja kila mwaka baada ya mavuno ya kahawa. Huleta mkungu mmoja mkubwa na senene, wale panzi wa kukaanga, ikiwa ni msimu wao, na huketi kusikiliza. Na kila mwaka Datius amepanda cheo. Mwaka wa hamsini alikuwa dereva. Mwaka wa hamsini na tatu alipewa saa ya fedha. Mwaka jana alikuwa msimamizi wa stesheni nzima ya Umeda, na nasikia ana glavu.

Kwao Kishanda hakujawekwa matanga. Mtu aliye hai haliliwi. Kibanja chake kimekaa bila kugawiwa, migomba inalala kwa kukosa wa kuikatia majani. Na mkewe Datius, anayeitwa Theopista, aliyeolewa msimu mmoja tu kabla mumewe hajaitwa jeshini, bado yumo katika nyumba ile na mama mkwe wake. Kaka zake wamekwenda mara mbili kuomba arudishwe kwao, apate kuolewa na mtu mwingine akiwa bado ana nguvu za kuzaa. Mara zote mbili Mama Kokuberwa aliwatolea nje kwa hasira. Mke wa mtu aliye hai haolewi, na yeye ana shahidi Bukoba, mtu mkubwa mwenye filimbi.

Mwezi uliopita Theopista alikuja dirishani kwangu. Nilidhani anataka tiketi.

"Kaka Lukmani," aliniambia, "kama mume wangu amekufa, niambieni nimlie. Kama yu hai, niambieni nimtukane. Hivi nilivyo siwezi hata moja."

Niliona aibu, na niseme wazi kuwa niliiona kwa niaba ya kampuni nzima, maana ndizi zile za kila mwaka zilipikwa katika jiko letu. Nilikwenda kwa Bwana Gamaliel jioni ile ile. Alisema alitaka kumfariji mama. Alisema sasa limekuwa kubwa mno kurudishwa nyuma, na kwamba yeye anastaafu, anahamia shambani Izimbya, na watu husahau. Mwishoni aliniomba nisiliguse jambo hili katika wasifu. Nimekaa naye miaka mingi na nampenda, na nikikumbuka jogoo wa posa bado nacheka peke yangu. Lakini uongo huu umemla mwanamke mmoja ujana wake na unaendelea kumla, na sikuona ni kwa nini tumpe Bwana Gamaliel saa ya ukutani na picha ya pamoja kabla hajaufuta. Theopista amesoma ukurasa huu kabla yenu na ameniruhusu kutaja majina.

Kwa hiyo wageni waalikwa watatuwia radhi wakiona kwamba ratiba ya leo imebadilika kidogo. Mama Kokuberwa hajui kusoma, nanyi mnaosoma msimsomee. Ndiye yule aliyeketi karibu na meza kuu, mwenye furushi mapajani. Burhani alimleta jana pamoja na mkwewe, viti vya mbele. Alisikia kuwa Bwana Gamaliel sasa amemaliza kazi na ana nafasi ya kusafiri, akaja kumwomba waende wote Osaka wakamchukue Datius. Katika furushi mna kanzu na viatu, kwa sababu anaamini kule chini kuna baridi na kwamba mtoto wake hana nguo za kutokea.

Baada ya chakula, kabla ya hotuba ya bwana mkubwa, Bwana Gamaliel ataingia ofisini mwake na wanawake hao wawili. Viti vitatu vimeshawekwa na mlango utafungwa. Atamwambia mama kwamba hana habari za mwanawe wala hajawahi kuwa nazo. Atamwambia kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kihaya, bila glavu. Nasi tutakaa kimya huku nje, na tukisikia kilio tutavua kofia.

Kesho asubuhi basi la kwanza la Muleba halitakata tiketi. Linakwenda Kishanda na waombolezaji, na kila aliyewahi kuonja ndizi za mama yule katika jiko letu anatakiwa kupanda. Burhani ataliondoa mama atakapokuwa tayari. Kaka zake Theopista wameshaarifiwa.

Bwana Gamaliel, tunakushukuru kwa miaka ishirini, kwa filimbi, kwa maji ya rejeta, na kwa vicheko ambavyo kituo hiki hakitavipata tena. Maisha mema tutakutakia huko huko Kishanda, kwa sauti moja, siku ya kuanua matanga ya Datius, Theopista akiwa amefunga mizigo yake kurudi kwao.