Kuingia mu Entretien na Mutoto ku Mugongo

Telefone ililia usiku katikati, nilikuwa nimeshalala na mutoto ku kifua, nikaruka, nikazani mutu amekufa, juu kwetu telefone ya saa ile haileti habari ingine. Kumbe ilikuwa message: entretien yangu, yale maulizo ya kuingia kazi ya kupokea bageni mu biro moja ya Muhumba, ile ya siku ya tano, bameileta kesho, saa mbili ya asubuhi. Nikasoma mara tatu. Dada yangu Valérie, mwenye aliahidi kushika mutoto, iko Kavumu mpaka siku ya ine. Bwana yangu iko Kamituga ku machimbo, simupate ku telefone mpaka apande kilima. Basi saa moja kamili nilikuwa mbele ya ile biro, mutoto wa miezi ine ku mugongo, viatu vya kuazima mu sashe ya plastiki, nimekaa ku banc ya maman Séraphine, mwenye anauzisha kahawa ya thermos. Nilikuwa nimejisemea: kuingia, nitaingia.

Pale ku banc kulikuwa banaume batatu ba kila siku. Papa Aloys aliandikaka mu tribinali miaka makumi tatu, banamuita Juge, maana hakimu. Didier anabeba batu ku pikipiki, banamuita Sans-Frein, maana hana breki. Na Fabien, ule banamuita Candidat, juu ameshafanya entretien kumi na moja.

— Maman, unatetemeka juu ya nini? Candidat akaniuliza. Entretien inashindiwa ku mulango. Gonga mara moja tu, kwa nguvu. Ukigonga mara tatu, bataona umekuja kuomba chumvi.

— Na weye uligonga mara ngapi ku zile kumi na moja? Sans-Frein akamuuliza.

— Kumi na moja ni expérience, mon cher! Weye ulishaitwa wapi? Ku barrière ya polisi tu!

Maman Séraphine akacheka mpaka kahawa ikamwangika ku kidole.

— Musikilize miye, Sans-Frein akasema. Maman, panga telefone yako ilie saa mbili na dakika kumi. Ikilia, unajibu: "Excellence, niko mu réunion, nitakupigia." Unaikata. Bale ba chef bataanza kukuita madame.

— Na bakiomba kuona namba? nikamuuliza.

— Unabaangalia tu. Mutu mukubwa hajibu kila kitu.

— Hapana, hapana, Candidat akasema. Beba bahasha kubwa, ya khaki, umeifunga na gundi. Unaiweka ku meza. Huifungue. Huiseme. Bataogopa kile kiko ndani.

— Kutakuwa nini ndani? nikauliza.

— Gazeti!

Juge alikuwa anakunywa kahawa yake. Akaweka kikombe chini polepole, akakohoa, bote bakamugeukia.

— Muache upuzi. Binti yangu, kitu kimoja tu kitakuangusha: huyu mutoto. Asionekane. Asisikike. Bakiuliza, huna mutoto. Bwana, huna. Sema hata unajitayarisha kuingia ba masœur ba kanisa.

— Papa, maziwa inanitoka mu blouse!

— Sema ni mvua.

— Mvua ya kifua, Juge? maman Séraphine akamuuliza, na bote bakaanguka kicheko, hata miye, na kule kucheka kukanitoa machozi, sijue ya nini.

Palepale sentinelle wa ile biro akatoka kufata kahawa. Donatien, alikuwa amelinda usiku muzima, macho nyekundu. Akaniangalia, akaangalia mutoto, akauliza tu hivi, bila ubaya:

— Ukiingia, nani atamushika?

Sans-Frein akaanza kupanguza kioo ya pikipiki yake. Candidat akaangalia saa, na saa hana. Maman Séraphine akaonyesha makaa: yeye iko na moto na maji ya kuchemuka, mutoto ataungua. Donatien mwenyewe alikuwa anarudi ku mulango kungoja mwenzake. Ilibaki dakika kumi. Nikafungua kikwembe, ile nguo ya kubebea mutoto, nikavaa vile viatu, nikasema kwa sauti yenye sikujua kama niko nayo:

— Hakuna mwenye kumushika? Basi naingia naye. Banifukuze na yeye.

— Leta, Juge akasema. Hakuniangalia. Akanyoosha mikono kama mutu mwenye anapokea dossier ya kesi.

Mu biro balikuwa batatu. Niligonga mara mbili. Sikuwa na bahasha. Baliniuliza kama najua ordinateur, ile kompyuta, nikasema kidogo, na kile sijui nitajifunza mu juma moja. Kisha mama mumoja wa miwani akaangalia blouse yangu.

— Una mutoto?

Nikasema ndiyo, wa miezi ine.

— Iko na nani sasa?

— Na muzee mumoja wa inje. Nimemujua leo asubuhi.

— Unamuachia mutoto mutu mwenye haujue?

— Niko naogopa, maman. Lakini batu bengine bote balinipa mashauri. Yeye alinipa mikono. Na hii kazi nimekuja kuitafuta, sitarudi nyumba bila kuiomba.

Bakanitoa inje, bakaniita tena. Bakaniambia nianze siku ya kwanza ya juma, mwezi moja ya kujaribiwa.

Nikatoka mbio. Ku banc hakukuwa mutu, ni maman Séraphine tu, akanionyesha nyuma ya kibanda na kidevu. Juge alikuwa pale, veste amevua, kikwembe changu amefunga ku kifua na mafundo mbili, mutoto ku mugongo amelala fofofo. Alikuwa anainama, anainuka, anaimba kitu cha luga ya Mashi kwa sauti ya chini.

— Bamenikamata ku kazi, Papa! Naanza siku ya kwanza!

— Sauti! Utamuamusha.

Akaendelea kuyumba. Kisha akasema, uso ameugeuzia ukuta:

— Bana yangu saba. Hakuna hata mumoja nilibebaka.

Nikanyoosha mikono, akarudi nyuma hatua moja.

— Ngoja alale kidogo tena. Na bale ba ku banc basijue kama nilimubeba ku mugongo. Maman Séraphine ameshaapa.

— Naapa na miye, Papa. Sitaambia mutu mwengine.