Aliyewaambia Kuhusu Stima

Benchi la nje ya ofisi ya kutaipishia, hapa Thika, halikosi kahawa wala ubishi. Asubuhi hiyo ya mwaka wa tisini na tisa, Jentrix, taipisti wa hapo, alitoka na habari njema iliyomkosesha raha. Programu ya kompyuta anayoandikia hutengenezwa na watu wa nchi nyingi, bure, na kugawiwa bure. Yeye aliwaandikia kwamba stima ikipotea na mashine kuzimika, kazi yote hupotea nayo, wakairekebisha ijihifadhi yenyewe. Sasa inatolewa upya, nao wanauliza: tuweke jina lako kati ya watengenezaji? Alitaka, tena sana, ila hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Kosa lake likawa kuomba benchi ushauri.

— Kataa, alisema Ephantus, fundi wa redio waliyemwita Injinia. Mimi niandikwe kwa redio ya Japani juu ya kusema haishiki steseni? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe uliinama wapi?

— Niliizima mashine makusudi mara nyingi, Injinia, nione inapoteza nini. Nikawaelezea yote.

— Kuzima hata mtoto anazima!

Ouma wa kiwandani, aliyeitwa Wakili kwa kupenda kesi, aliweka kikombe chini.

— Shida ni kesi. Hiyo kitu ikikwama huko Brazili, nani atashtakiwa? Wenye majina! Polisi watashuka na ndege wakiuliza, Jentrix ni nani?

— Haiya! Injinia akadakia. Na ushuru je? Dunia yote ikitumia, serikali itasema hilo ni shamba lako.

— Ndio maana paka akiondoka panya hutawala, Wakili akahitimisha.

Jentrix alicheka nao, lakini iliuma. Tangu apate ujumbe ule alikuwa akijiona fundi.

Ndinda, mama wa mtaa wa Kiandutu aliyekuja kutaipiwa barua ya kanisa, alikuwa akingoja pembeni.

— Samahanini, wazee. Hao watengenezaji, kwao stima hupotea?

— Kwao? Wakili akajitanua. Huko hata taa ya choo haizimi!

— Sasa wangejuaje?

 

Jentrix akasimama.

— Ingia, mama, nitakutaipia. Lakini wacha nianze na jibu langu kwa hao watu.

Akaketi, akaandika jina lake lote, akaongeza na la babake, na chini yake: Thika.