Mwalimu Verdiana na Chumba cha Ramani

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Verdiana Hieronimo anastaafu baada ya kufundisha saikolojia kwa miaka thelathini na mmoja katika chuo chetu cha ualimu hapa Bagamoyo. Alikuja kutoka Bukoba na sanduku na kikohozi, akidhani atakaa muhula tu. Pwani ikamkalisha.

Somo lake ni mbinu za utafiti, ambalo wanachuo huliogopa kuliko hesabu. Mwaka mmoja aligawa darasa kwa kura: nusu wakanywa kahawa kali, nusu kahawa iliyoondolewa ukali, na hata waliomimina hawakujua ipi ni ipi. Darasa zima lilidai moyo unawaenda mbio. Akacheka hadi akakaa chini.

Hakucheka ulipofika mkasa wa Mwajabu. Msichana huyu wa Fukayosi alianza kusikia mtu akihema nyuma yake bwenini. Haukupita muda, wenzake nao wakasikia. Wakahamisha vitanda, wakasema amekuja na jini lake. Baba yake, Mzee Mwinyimvua, akafika kumchukua.

“Mwalimu, mwanangu ana kitu. Hapa hapamfai.”

“Shikamoo, mzee. Niachie siku chache,” Mwalimu Verdiana alimwomba. “Nataka kujua kinachotembea ni jini au ni maneno.”

Alichagua chumba cha ramani, ambacho hakikuwa na sifa yoyote zaidi ya vumbi. Akatunga kisa: nyuma ya ukuta wake husikika mwanamke akiosha vikombe. Akawagawa wanachuo wapya kwa kura. Nusu walisimuliwa kisa hicho, nusu hawakuambiwa kitu. Kila mmoja aliketi humo peke yake mchana kweupe, kisha akaandika alichosikia. Majibu niliyasoma mimi, mwalimu mwenzake, bila kujua nani aliambiwa nini.

Takribani wote waliosimuliwa walisikia maji. Wasiosimuliwa walisikia kunguru na honi za bodaboda. Mwalimu Verdiana alimweka Mzee Mwinyimvua kitini akamweleza kwa upole kwamba hofu ilisafiri kwa maneno, wala hakuna jini aliyempanda binti yake. Mzee akaondoka, akamwacha binti na sanduku lake. Wasichana wa bwenini walirudisha vitanda, mmoja mmoja, kwa aibu.

Kama kazi yetu inavyotaka, aliwakusanya walioshiriki akawaambia ukweli: mwanamke yule alimtunga yeye mwenyewe, ofisini, akila mihogo. Walicheka. Ila kisa hakikufa. Kila mwaka baadhi ya wageni huanza kuogopa chumba kile, na hatujui nani huwasimulia.

Mwaka jana, baada ya alasiri, mimi na Mwalimu Verdiana tuliingia humo kuchukua ramani ya Afrika. Nikasikia maji yakimiminwa. Kisha kikombe kikagusa kikombe. Nyuma ya ukuta ule hakuna bomba. Kuna uwanja mtupu wenye nyasi. Nilimtazama. Naye alikuwa amesikia.

“Mwalimu Twalib,” alisema taratibu, “wewe uliambiwa, na mimi ndiye niliyetunga. Sisi si mashahidi.”

Kesho yake alimwomba Clara, mhasibu aliyeripoti kazini wiki ile kutoka Songea, akapange ramani. Clara alitoka akijifuta vumbi na kuuliza, kwa adabu kabisa, ni nani anayeosha vyombo kule nyuma. Uso wa Mwalimu Verdiana ulipauka. Baadaye aliniambia kwamba mtu mmoja hathibitishi kitu, na kwamba lazima jaribio lirudiwe. Nilijitolea kwa kauli. Kwa miguu, bado.

Mwajabu, ambaye sasa ni mwalimu mwenzetu na ndiye anayelirithi somo hili, amesema atalirudia jaribio hilo muhula ujao kwa wanachuo wapya. Mbinu zote amezipata kwa Mwalimu Verdiana, pamoja na ushupavu wa kuandika “sijui” pale asipojua. Tunawaomba wafanyakazi wote mnaosoma jarida hili msiwasimulie wageni kisa hiki. Tafadhali, hata kwa utani.

Mwalimu Verdiana, ahsante kwa kutufundisha kuuliza vizuri. Shamba lako la mananasi la Kiwangwa likuzalie, magoti yako yapone, na nyumba yako iwe na sauti za wajukuu tu. Tunakuombea mapumziko yenye heri.