Mzee Kimya na Kanda Zake Tupu

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili katika studio za redio yetu, fundi mkuu wa sauti anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye barua ya utumishi. Sisi tunamwita Mzee Kimya, na hata mkewe akipiga simu mapokezi humwulizia kwa jina hilo.

Alilipata wiki yake ya kwanza kazini. Kabla ya kurekodi wimbo wowote, hufunga mlango, huwaamuru waimbaji watulie tuli, kisha huwasha mashine na kurekodi dakika nzima ya watu wasiofanya lolote. Kila chumba, husema, kina kimya chake, na kila siku ina chake. Bendi moja ilitulia vizuri mno hata mpiga ngoma akapitiwa na usingizi. Mkoromo wake tunao hadi leo, na umeandikwa tarehe.

Kwake, wimbo uliorekodiwa vizuri si ule uliosafishwa ukang'aa. Ni ule unaokuonyesha mwimbaji amesimama wapi, na kama viatu vinambana. Anaoupenda kuliko zote uliimbwa na fundi cherehani mmoja, mama wa watoto sita. Kabla ya ubeti wa mwisho muziki unakatika, mama anavuta pumzi, benchi linalia kidogo, ndipo sauti inapanda. Kila mwajiriwa mpya alisikilizishwa, na asiyelisikia benchi alirudishwa mwanzo. Mhasibu wetu alirudishwa mara saba. Ya nane akaapa kwamba amelisikia, ingawa mpaka leo sina hakika naye.

Mwaka juzi tulihamishia nyimbo zote kwenye kompyuta, na hapo ndipo mimi, mtunza maktaba ya kanda, nilipofanya maajabu mawili. Kwanza, nilikuta kanda mia mbili na kumi na mbili zilizoandikwa "Kimya". Nikasikiliza moja, sikusikia kitu, nikazipakia zote kwenye makatoni zikafutwe. Pili, mashine ilitafuna kanda ya mama wa cherehani pale pale anapovuta pumzi, nami nikaziba pengo kwa sekunde tatu za kitu ambacho kompyuta inakiita kimya.

Tukaurusha wimbo huo hewani Jumamosi asubuhi. Simu hazikupumzika. Watu walidhani redio zao zimekufa, na msikilizaji mmoja alikuwa ameshaifungua yake kwa bisibisi. Kisha akapiga mama mwenyewe, akataka kujua ni nani aliyemwibia pumzi yake.

Mzee Kimya akaenda moja kwa moja kwenye rafu kutafuta kimya cha siku ile wimbo uliporekodiwa. Rafu ilikuwa tupu. Nilikiri kila kitu. Hakunigombeza, alivua miwani akaifuta polepole, na ningeona afadhali anitukane. Tukakimbilia mashine ya kufutia. Kanda tisa zilikuwa zimeshakwenda na maji. Ya kumi ilikuwa imepachikwa tayari, inasubiri kidole changu tu, na ilisalimika kwa sababu nilikuwa nimetoka kunywa chai. Ilikuwa yenyewe! Humo ndani mama anavuta pumzi, benchi linalia. Mzee alikata sekunde tatu, akazishona palipotoboka, na wimbo ukarudi hewani. Mama akapiga tena kusema kwamba pumzi ni yake, ila inasikika kwamba siku ile alikuwa na njaa.

Ijumaa iliyopita tulijifungia studio namba mbili, yeye katikati yetu, turekodi dakika moja ya kimya ya kumuaga. Sekunde ya kumi dereva akapiga chafya. Sekunde ya arobaini katibu muhtasi akaanza kulia, nami nikamfuata. Tulijua atasema turudie, kama alivyosema miaka yote hii. Alisikiliza hadi mwisho, akavua hedifoni, akasema iachwe hivyo hivyo.

Kanda hiyo nimeifungia kabatini, na ufunguo nimempa mtu mwingine. Mzee Kimya, asante kwa masikio uliyotupa. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na nyumba yako ijae kelele za wajukuu. Kimya chako tunacho sisi.